Hotuba ya Mwenyekiti: Siku Tuliyokodi Mashua Bagamoyo

Ndugu Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, viongozi wetu wa dini, wenzetu wa vikundi jirani vya Bunju, Tegeta na Mbweni, wanachama wenzangu, waume zetu na watoto wetu mliokuja kutusindikiza, mabibi na mabwana.

  

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Mwaka 2014 tulianza wanawake kumi na moja chini ya mwembe hapa Boko, na daftari moja la shule. Leo tunatimiza miaka kumi. Habari za hisa, mikopo na marejesho ataziandika Mweka Hazina katika ukurasa wake, maana yeye ndiye mwenye hesabu na mimi elimu yangu ni ya darasa la saba. Mimi nimeombwa na Kamati ya Sherehe niseme habari moja tu, ile ambayo kila kikundi tukikutana nacho wanatuuliza: eti ni kweli nyie wanawake wa Boko mlikwenda Bagamoyo mkakodi chombo cha baharini?

Ni kweli. Tena tulikwenda mara mbili. Mara ya kwanza hatukupanda. Mara ya pili tulipanda. Nitaeleza zote mbili, na hasa ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyotufundisha, na kwa sababu ilitaka kukivunja kikundi hiki mnachokishangilia leo.

Ndugu zangu, sisi watu wa Boko tunaishi pwani, lakini bahari tunaisikia tu. Upepo wake tunaupata, samaki wake tunawanunua Kunduchi na kuwakaanga, chumvi yake inaharibu mabati yetu. Lakini katika wanachama thelathini tuliokuwa nao mwaka 2019, waliowahi kupanda chombo cha baharini mbali na pantoni ya Kigamboni walikuwa wanne. Tukienda Msasani kwa shughuli zetu tunaziona boti zile za starehe zenye matanga meupe, wenyewe wanaziita yoti, zimetulia majini kama bata. Wageni na wenye uwezo huzikodi kutwa nzima, wakapelekwa visiwani, wakala, wakarudi. Mwanachama mwenzetu mmoja akasema kikaoni, "Jamani, sisi tukichangishana hatuwezi kukodi chombo chetu kwa siku moja? Lazima uwe mzungu?" Watu wakapiga makofi. Ndivyo safari ilivyozaliwa.

Wengine walitaka twende Mbudya, kisiwa ambacho kipo mbele yetu hapo Kunduchi. Wengi wakasema hapana, twende Bagamoyo, tuone mji wa kale na bahari kwa safari moja. Kila mtu akachanga shilingi elfu ishirini.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ninalosema ni kosa langu mwenyewe.

Wote mnajua sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zake wanashika watu watatu wa nyumba tatu. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, hata mimi Mwenyekiti. Na mnajua hatumkopeshi mtu hata elfu hamsini bila wadhamini wawili, na bila wajumbe kwenda kuiona biashara yake kwa macho. Mtu akisema anauza mkaa, tunakwenda kuuona mkaa. Lakini zile fedha za safari hazikupita sandukuni. Zilikuwa kwenye simu yangu. Nikapewa namba ya kijana mmoja, dalali wa vyombo, nikaongea naye, ana maneno matamu. Akasema chombo kipo, kikubwa, kinabeba watu thelathini na tano, bei laki tatu na nusu, ila nitangulize laki mbili maana wateja ni wengi. Nikatuma. Sikumuona mtu, sikukiona chombo, sikuitisha kikao. Nilimwamini mtu nisiyemjua kwa laki mbili, mimi ambaye jirani yangu wa miaka ishirini namdai wadhamini kwa elfu hamsini.

Jumamosi moja ya mwezi Julai 2019 tukaondoka na Kosta, wanachama ishirini na saba na watoto watano. Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, nyimbo njia nzima. Tukafika ufukweni saa tatu asubuhi. Jamani! Ule mwezi ni wa kusi, na kusi la Julai si la mchezo. Mawimbi yalikuwa na vichwa vyeupe hata kwa ndani. Chombo chenyewe kilikuwa mashua ya kuvulia, bado ina magamba ya samaki, na ndani kijana mmoja anafua maji kwa kopo la rangi, hapumziki. Nikauliza makoti ya kuokoa maisha, yale ya kuelea. Wakaleta tisa, mawili hayana kamba. Sisi watu thelathini na wawili, na wanaojua kuogelea watatu.

Nikamwambia nahodha, "Mwanangu, watu wote hawa humu?" Akacheka, akasema, "Mama, toa wasiwasi. Mtabanana kama magunia, mkibanana ndiyo chombo kinatulia."

Pembeni yangu alikuwa amesimama mwenzetu mmoja, mtu mzima kuliko sisi wote. Mumewe alikuwa mvuvi, alitoka alfajiri moja hakurudi, na chombo hakikuonekana mpaka leo. Hakusema kwa sauti. Alinishika mkono tu akaniambia, "Mwenyekiti, usipande. Na usiwapandishe watoto wa watu."

Nikasema hatupandi.

Ndugu zangu, kusema "hatupandi" mbele ya wanawake waliovaa sare mpya, waliochanga, walioaga majumbani kwao kwa shangwe, si kazi ndogo. Nilitukanwa. Wengine walisema naogopa mimi nawasingizia wao. Wengine walisema kama ndivyo ningeangalia kabla, na hao walisema kweli. Wanne walitaka kupanda kwa nguvu. Yule dalali kwenye simu akasema fedha ya kutanguliza hairudi, kisha simu haikupatikana tena.

Basi, tukashinda nchi kavu, tumenuniana. Tukampata kijana wa kutembeza wageni, akatuzungusha. Alitupeleka kwenye ile nyumba ya misafara, mahali walipokuwa wakifikia wapagazi. Alituambia wengine husema jina la mji ni bwaga moyo, yaani mpagazi aliyetembea zaidi ya kilometa elfu moja kutoka Ujiji na pembe za ndovu begani, akifika hapa alibwaga mzigo na moyo ukapoa. Wengine husema ni moyo uliobwagwa na mateka, walioona bahari wakajua kwao hawarudi tena, maana hapa ndipo walipopakiwa kuvushwa Zanzibar, mpaka soko la watumwa la kule lilipofungwa mwaka 1873.

Akatusimulia habari za mfanyabiashara Sewa Haji, ambaye wazungu na wafanyabiashara wakitaka kwenda bara walikwenda kwake, akawauzia vitambaa, shanga na waya, na akawatafutia wapagazi wa kukodi. Huyo alifariki mwaka 1897. Mmoja wetu akashtuka: "Sewa Haji wa Muhimbili?" Ndiye. Wengi wetu tumelaza wagonjwa katika jengo la Sewa Haji pale Muhimbili, na hatukujua ni jina la mtu wa Bagamoyo aliyetoa mali yake kwa ajili ya hospitali.

Halafu tukaenda kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, ambao misheni yao ilianza hapo mwaka 1868, na ambapo mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 baada ya kubebwa na watu wake kutoka bara, kabla ya kuvushwa Zanzibar. Tukamalizia Kaole, kwenye msikiti wa kale na makaburi ya watu waliokuwa na mji wao hapo karne nyingi kabla ya Mjerumani.

Mimi nilikuwa natembea nyuma peke yangu. Nikawaza: mji huu wote umejengwa kwa kukodi. Mtu anakodi chombo kuvuka, anakodi wapagazi kwenda bara, anakodi nyumba kulala. Na wale waliopakiwa kwa nguvu hawakukodi chochote, wao walihesabiwa kama mizigo. Nahodha wangu wa asubuhi alituita magunia. Nikasema moyoni, bora nigombane na wenzangu wakiwa hai. Lakini vilevile nikasema, kosa la kuwafikisha pale ni langu.

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko vikao vyote vya miaka kumi. Nilisimama nikaeleza. Kikundi kikanihukumu, na naomba iandikwe kwenye kitabu hiki ili watakaokuja baadaye wajue. Kwanza, nilitozwa faini ya shilingi elfu ishirini kwa kutoa fedha bila kikao. Pili, zile laki mbili zilizopotea, nilipe nusu, laki moja, na nusu ibebwe na kikundi, kwa sababu Mwenyekiti alikosea kutuma lakini hakukosea kukataa. Nililipa kwa mafungu matano ya elfu ishirini, na Katibu alinisainia kila fungu. Wanachama watatu waliondoka kwa hasira. Wawili wamesharudi na leo wapo hapa. Mmoja hakurudi. Nafasi yake ipo na mlango uko wazi.

Tulikaa karibu miaka mitatu bila kutaja Bagamoyo. Mwaka 2022 ni yule yule mzee wetu, mjane wa mvuvi, aliyesema, "Hivi mtaiogopa bahari milele? Bahari haina kosa. Tafuteni chombo kizuri."

Ndipo Katibu akatoa wazo ambalo ndilo hasa ninalotaka mwondoke nalo leo. Akasema, "Kama sanduku la fedha lina kufuli tatu, kwa nini roho za watu ziwe na kufuli moja?" Tukakubaliana kwamba safari nayo itakuwa na kufuli tatu: ya kwanza ni chombo, ya pili ni nahodha na mapatano, ya tatu ni siku yenyewe, yaani upepo na maji. Kila kufuli ikapewa mtu wake. Katibu akashika ya chombo, Mweka Hazina akashika ya nahodha na mapatano, mimi nikashika ya siku. Na sharti likaandikwa: mmoja kati ya hao watatu akisema hapana, safari haipo, wala haulizwi mara mbili, wala hanuniwi. Asiwepo tena mtu wa kusimama ufukweni peke yake kubeba lawama.

Tukaenda Bagamoyo watatu, bila sare, kwa daladala, tukaanzia sokoni kwa samaki. Hatukumtafuta dalali. Tuliwauliza akina mama wanaokaanga samaki: nani hapa mnampa mtoto wenu ampeleke majini? Watatu kati ya wanne walitaja jina la mzee mmoja. Tukamngoja, akaja, tukasalimiana, shikamoo mzee, marahaba wanangu.

Kufuli ya kwanza, chombo. Mzee akatuambia tusubiri maji yapwe. Pale Bagamoyo maji yakitoka yanatoka kweli, vyombo vinabaki vimelala juu ya mchanga, na hapo ndipo unapoona tumbo la chombo. Katibu wetu akaingia chini kabisa kama fundi. Mzee akamwonyesha mbao zilivyokalafatiwa kwa pamba, akamwonyesha mlingoti, foromali, tanga na usukani, na injini ndogo ya akiba, maana upepo ukikatika usikae baharini unaomba. Akatoa makoti ya kuokoa maisha tukayahesabu na kuyavaa, kamba moja moja. Akatuonyesha na leseni. Tulishaelezwa kwamba hapa nchini kazi ya kusimamia usalama wa vyombo vya majini ni ya TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli, na kwamba si aibu abiria kuuliza karatasi. Leseni ilisema watu ishirini. Mzee mwenyewe akasema, "Mimi wanawake na watoto nachukua kumi na tano. Nyie mko wangapi?" Tukasema kama thelathini. Akasema, "Basi ni mashua mbili. Ya pili ni ya mdogo wangu. Kama mnataka moja, tafuteni mtu mwingine." Katibu akanigeukia, akanikonyeza. Pale tulijua tumempata nahodha.

Kufuli ya pili, mapatano. Mweka Hazina aliandika kwenye karatasi, nakala mbili: bei ya mashua zote mbili laki nne na nusu, ya kutanguliza laki moja, saa ya kuondoka na ya kurudi, idadi ya watu, koti kwa kila mmoja na mtoto apate la kimo chake, na kwamba hali ya hewa ikikataa, fedha ya kutanguliza inangoja siku nyingine, haipotei. Na mzee naye akadai kipengele chake kiandikwe: "Tukishakuwa majini, neno ni la nahodha. Nikisema kaeni, mnakaa. Nikisema turudi, tunarudi." Mweka Hazina akataka kubisha, maana sisi tumezoea kupiga kura. Nikamwambia andika. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nchi kavu tuna kufuli tatu, majini kuna nahodha mmoja.

Kufuli ya tatu, siku. Tulipanga kwanza mwezi Agosti 2022. Siku mbili kabla, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza redioni upepo mkali na mawimbi makubwa ukanda wa pwani. Kabla sijashika simu, mzee akanipigia yeye: "Mwanangu, msije." Nikatangaza hapana. Nawaambieni kweli, nilitetemeka, nikakumbuka mwaka 2019. Hakuna aliyenuna! Vitu vilikwishanunuliwa, tukapika pilau hapa hapa Boko, tukala, tukacheza. Fedha ya kutanguliza ikabaki salama kwa mzee.

Tukaenda Novemba, siku chache baada ya mwezi mpevu. Kusi limekwisha, kaskazi bado haijashika, bahari imelainika. Mzee alitufundisha hesabu ya maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, karibu saa sita kujaa na saa sita kupwa, na kila siku inachelewa kama dakika hamsini. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana. Katikati yake ni maji mafu, hayaendi mbali. Sisi tulitaka kwenda kwenye fungu la mchanga la Mwambakuni, ambalo maji yakijaa halionekani. Kwa hiyo unakwenda maji yakitoka, unaliona linaota baharini kama mkate, unashuka, na unaondoka kabla maji hayajarudi. Asiyejua hesabu hiyo asiwapeleke watu huko.

Saa nne asubuhi tukaanza kuingia majini kwa miguu, kanga zimekunjwa mpaka magotini, vikapu kichwani, maana mashua ilielea mbali kidogo. Vicheko, vigelegele, na woga pia, nisidanganye. Watu thelathini, kumi na tano huku na kumi na tano kule, kila mmoja na koti lake la rangi ya chungwa juu ya sare.

Mzee wetu hakupanda. Tulimbembeleza, akasema, "Mimi na bahari tulishamalizana. Nipeni daftari." Akakaa ufukweni chini ya mti na daftari la mahudhurio na kalamu. Kila aliyepanda alimwita jina, na yeye aliandika. Namba ya nahodha alikuwa nayo, saa ya kurudi alikuwa nayo, na namba ya polisi alikuwa nayo. Mume wake alipotoka, hakuna aliyekuwa ameandika chochote mahali popote. Hakulisema hilo siku ile. Alituambia baadaye.

Tanga likapandishwa, injini ikazimwa. Akina mama, ule ukimya sijui niuelezeje. Unasikia maji tu ubavuni. Tuliotoka wakisema sana wakanyamaza wenyewe. Tukaugeukia mji, tukauona wote kwa pamoja, minazi, minara, mapaa, na mikoko kule upande wa mto Ruvu unapoingia baharini. Nikaelewa kwamba mji ule ulijengwa ili uonwe kutoka majini, sisi siku zote tulikuwa tunauona kwa mgongo. Katibu akapiga kelele, "Jamani, hii ndiyo yoti yetu!" Tukaangua kicheko mpaka mzee akatuambia tukae sawa.

Kama saa moja hivi tukafika funguni. Mchanga mweupe, maji mpaka kifundo cha mguu, halafu magoti. Watoto walitaka kuchukua kila kombe na kila kiti cha pweza. Mzee akawakataza: vya hai vibaki. Tukala chapati na samaki, tukaimba. Saa saba na nusu mchana mzee akasema, "Turudi." Sisi tukatazama, mchanga bado mwingi, jua zuri. Mama mmoja akasema, "Mzee, nusu saa tu." Nikamwona Mweka Hazina anainuka, yeye aliyetaka kubisha kwenye karatasi, akasema, "Iliandikwa." Tukapanda. Tulipogeuka baada ya muda, lile fungu lilikuwa limebaki kama kanga moja, halafu kama leso, halafu bahari tupu.

Ufukweni mzee wetu alikuwa amesimama ndani ya maji, mpaka magotini. Miaka mingi hakugusa maji yale. Aliita majina yote thelathini, mmoja mmoja, na kila aliyeitikia alimpigia alama. Alipomaliza alifunga daftari akasema, "Wametimia." Akalia. Na sisi tukalia.

Ndugu Mgeni Rasmi, sisemi haya kwa ajili ya matembezi tu. Nchi yetu imezika watu wengi majini. MV Bukoba mwaka 1996. MV Spice Islander mwaka 2011, ikienda Pemba. MV Skagit mwaka 2012, iliyotoka hapa hapa Dar es Salaam. MV Nyerere mwaka 2018, kivuko chenye uwezo wa watu 101, na waliokufa peke yao walizidi mara mbili ya hao. Katika misiba hiyo watu walizidi, na wengi wa hao waliozidi wala hawakuandikwa. Serikali ina kazi yake ya kukagua na kuzuia, na tunaiomba iifanye bila huruma. Lakini na sisi abiria tuna kazi yetu. Mtu akiuliza "tuko wangapi na makoti ni mangapi?" asizomewe. Anayeuliza hivyo anawapenda wenzake.

Kwa vikundi wenzetu mnaotaka kwenda, nasema kwa ufupi. Kwanza, fedha ya safari ipite sandukuni kama fedha nyingine. Pili, msitume chochote kabla ya kukiona chombo, na mkione maji yakiwa yametoka. Tatu, mwaulize wenyeji, hasa akina mama wa pale sokoni. Nne, andikeni mapatano, na liwemo neno la hali ya hewa. Tano, gawaneni funguo, asiachwe mtu mmoja kusema hapana. Sita, mwacheni mtu nchi kavu na majina yenu yote. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtazunguka chombo chote, mwisho mtarudi kwenye tumbo lake. Basi likagueni hilo tumbo kabla.

Miaka kumi iliyopita tulifikiri tumeungana ili kuweka akiba ya fedha. Kumbe akiba kubwa ni ile ya kuaminiana, nayo inaliwa haraka kuliko shilingi na inajazwa polepole. Mimi nililiwa laki moja na faini juu, na kikundi kikanirudishia imani. Nawashukuru.

Mwenyezi Mungu akipenda, mwakani tunakwenda tena, mashua mbili, mzee yule yule. Daftari liko tayari, na mwenye kalamu tunamjua.

Kikundi chetu oyee! Akina mama oyee!